Buni Mbili

Julai. Baridi imeshuka Moshi bila kubisha hodi
na hita ya maabara ilikufa tangu Pasaka.
Saa nane usiku mhudumu ananiletea sampuli mbili kwa mkono mmoja.
Ya kwanza maji ya uti wa mgongo, Haikaeli, miaka tisa, wa Kiborloni.
Yangekuwa maangavu kama maji ya mfongo alfajiri;
yamekuja na ukungu, kama yaliyooshea mchele.
Ya pili usaha kwenye pamba ya kijiti. Mwanamume, thelathini na nne.
Mahali pa jina mtu ameandika "Dereva", basi.

Natandaza. Napitisha vioo juu ya moto mara tatu.
Urujuani. Ayodini. Kisha spiriti,
na hapo wenye koti zito hubaki na zambarau yao,
wenye koti jepesi huvuliwa, husimama uchi
mpaka wekundu wa mwisho uje kuwasitiri.
Tone la mafuta. Jicho la kushoto, ndilo lisilonidanganya.

Hao.
Wawili wawili, wekundu,
wamepakana kwa ubavu uliobonyea
kama buni iliyopasuliwa katikati ikakataa kuachana.

Nazijua buni. Mama yangu Aikaruwa alichambua kahawa
miaka ishirini na miwili, akarudi kila jioni na vumbi kwenye kope.
Nzima huku, iliyotobolewa kule, nyeusi chini.
"Mbovu haijifichi," alisema, "ni macho yako yanachoka."
Angekuwa hapa ningempisha kiti, naye angeuliza:
Za mtoto ni zipi?

Kwa umbo, Mama, sijui.
Ni ndugu hawa, tumbo moja.
Mmoja alichagua koo. Hukaa kwa wazima wasioumwa popote,
huimba nao kwaya, huwabusu watoto wao,
hadi siku isiyotangazwa anavuka damu na kupanda kichwani.
Mwingine alichagua njia ya mkojo
na giza la watu wawili.

Wa kwanza akiua, tunachanga, tunapika, mchungaji anavaa joho.
Wa pili akichoma, tunacheka.
Anayeumwa hununua vidonge dirishani kwa kunong'ona,
vinne, kwa sababu hela ya vinane hana,
na mdudu aliyenusurika anajifunza somo.

Lakini mezani kwangu wanakula sahani moja:
damu ya kondoo niliyoipika hadi ikawa rangi ya chokoleti.
Nitawafungia ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa,
mshumaa utawaka, utapungua, utajizima kwa kukosa pumzi.
Hapo ndipo wanapostawi. Pale moto uliposhindwa.

Kesho kutwa nitawapa sukari, niwatenganishe.
Wa dereva hula aina moja tu.
Wa mtoto hula hiyo, na ile ya kimea pia,
kimea kilekile cha ulezi, Mama, ulichokianika juu ya mkeka
ukatufukuza na kuku.
Tofauti ndiyo hiyo. Mlo mmoja wa ziada.

Sisubiri kesho kutwa. Nainua simu ya wodini:
anzeni sindano, sasa, msingoje otesho.
Napiga ya pili, kwa daktari wa zamu.
Dawa ni ileile. Hata kichupa kinafanana.

Saa kumi na moja natoka kutafuta chai.
Kwenye benchi la korido, mama yake Haikaeli,
kanga mbili mabegani, chupa ya chai mapajani.
Kando yake mwanamume aliyeshusha kofia hadi kwenye nyusi,
anayekaa kama mtu aliyekalia kaa la moto.
Anammiminia kwenye kifuniko. Anamuuliza:
"Na wewe unamuuguza nani?"

Anakishika kifuniko kwa mikono miwili. Anapuliza.
"Ndugu yangu," anasema.